Kolesteroli iko juu, lakini ugonjwa uko kwenye pituitari

Karatasi ya labo inasema kolesteroli jumla ni gramu 3 kwa lita. Mwenye karatasi ana miaka thelathini na kitu, ni mwembamba, hana kisukari, na anakula bugali, sombe na sambaza kama majirani zake wote wa Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Aliambiwa aache mawese, akaacha. Akaandikiwa statini, dawa ya kushusha kolesteroli, na sasa misuli inamuuma hadi kupanda mlima wa kurudi nyumbani kumekuwa mateso.

Karatasi ya namna hiyo huwa naiweka pembeni kwanza. Namuuliza mama kuhusu uzazi wake wa mwisho: alitokwa damu kiasi gani, na maziwa yalikuja siku ya ngapi? Jibu linakuja kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa: "Docta, damu ilitokaka mingi, nikazimia. Maziwa haikutokaka hata kidogo." Tangu hapo hedhi haijarudi. Nywele za kwapani zimepukutika. Anasikia baridi hata juani. Hedhi aliipeleka kwa daktari wa wanawake, uchovu ukatibiwa kama malaria, kizunguzungu kikaitwa upungufu wa damu, na nyumbani kuna walioanza kunong'ona kwamba amelogwa. Kila lalamiko lilipata mlango wake, na hakuna aliyeyaweka yote kwenye meza moja. (Habari hizi nimezichanganya kutoka kwa wagonjwa kadhaa ili asitambulike yeyote.)

Tunachokitafuta kiko chini ya ubongo, nyuma ya pua: tezi ya pituitari, ambayo uzito wake ni karibu nusu gramu. Ndiyo inayoziamuru tezi ya thairoidi shingoni, adrenali mbili zilizokaa juu ya figo, ovari, na maziwa ya mama. Wakati wa mimba chembe zake zinazotengeneza prolaktini, homoni ya maziwa, huongezeka, na tezi nzima hukua kwa theluthi moja au zaidi. Damu inayolisha sehemu yake ya mbele nyingi haiji moja kwa moja kutoka kwenye ateri. Hupita kwanza haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu yake, kisha hushuka kwa mishipa midogo yenye msukumo hafifu. Basi mama akimwaga damu nyingi wakati wa kujifungua na presha ikaanguka, sehemu hiyo iliyokua, na inayohitaji damu kuliko siku zote, ndiyo inayokosa. Chembe zinakufa. Sehemu ya nyuma ina ateri zake, na mara nyingi husalimika.

Leon Gliński wa Kraków aliuandika uharibifu huu mwaka 1913, na Morris Simmonds wa Hamburg mwaka 1914 akaeleza mtu anavyodhoofika pituitari yake ikifa. Lakini ugonjwa ulichukua jina la Harold Sheehan, mpatholojia aliyefanya kazi katika hospitali ya uzazi ya Glasgow, ambaye mwaka 1937 alionyesha wazi uhusiano kati ya kuvuja damu kwenye uzazi na kufa kwa tezi hii. Namheshimu sana kwa sababu hakuishia kwenye maiti. Aliwafuata pia wanawake waliopona uzazi lakini hawakupata tena afya yao.

Ni ugonjwa unaofuata hali ya huduma za uzazi. Iceland walihesabu wagonjwa kama 5 katika kila wanawake 100,000. Kashmir, utafiti uliotolewa 2005 ulikadiria karibu wanawake 3 katika kila 100 waliowahi kuzaa wenye umri wa zaidi ya miaka 20, na wengi wao walikuwa wamejifungulia nyumbani. Mimi ninayepokea wamama kutoka Shabunda na Kalehe, waliobebwa kwa kipoyi (machela ya mabegani) au kwenye pikipiki huku damu ikitoka, sioni kwa nini sisi tufanane na Iceland.

Kivu kuna jambo jingine linalotufumba macho. Hapa historia ya tezi ni historia ya goita, uvimbe wa thairoidi shingoni. Miaka ya 1960 watafiti waliokuwa wakifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro, akiwemo François Delange, walichunguza kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Wakakuta iodini ni haba kisiwa kizima, lakini goita imejaa kaskazini na ni chache kusini-magharibi. Tofauti waliikuta kwenye muhogo: ukitafunwa kwa wingi, hutoa mwilini thiosayanati inayozuia thairoidi kuchukua hata ile iodini kidogo iliyopo. Ni kazi nzuri mno, na dunia nzima imeitumia. Ila imetuachia mazoea ya kuangalia shingo. Huyu mama shingo yake haina kitu. Thairoidi yake ni nzima, imekosa amri.

Ndiyo maana TSH peke yake inadanganya. TSH, homoni inayoiamuru thairoidi, inatoka pituitari yenyewe, kwa hiyo pituitari ikiwa imeumia, TSH inaweza kuonekana ya kawaida kabisa, labo ikaandika hakuna tatizo. Ombeni T4 huru, homoni ya thairoidi yenyewe, pamoja nayo. T4 ikiwa chini na TSH haijapanda inavyotakiwa, swali linahama kutoka shingoni kwenda kichwani.

Sasa nafika kwenye jambo linaloua. Daktari akiona T4 iko chini, mkono unakimbilia thairoksini, yaani T4 ya kidonge. Kama adrenali nazo hazipati amri, kidonge hicho kinaweza kumwangusha mama: thairoksini inaharakisha mwili, na kotisoli kidogo iliyobaki, homoni ya adrenali inayoshikilia presha na sukari, inaisha upesi. Anatapika, presha inashuka, sukari inashuka, na tunaanza kutafuta malaria. Kotisoli hutangulia, thairoksini hufuata. Sharti hili silivunji hata mgonjwa akinibembeleza, na ninawasihi wenzangu wa vituo vya afya msilivunje.

Rangi ya mwili inasaidia, ila lazima uijue. Thomas Addison aliyeeleza ugonjwa wa adrenali mwaka 1855 aliwaona wagonjwa wanaogeuka weusi, kwa sababu adrenali zikifa zenyewe, pituitari inapiga kelele na homoni yake ya ACTH, inayoziamuru adrenali, inaongeza rangi. Kwenye ngozi yetu usitazame uso. Mwambie mama afungue mdomo, uangalie fizi. Akunjue kiganja, uangalie mistari. Tafuta kovu la karibuni, alilopata tangu aanze kuumwa, kama limegeuka jeusi. Ukiyaona hayo, fikiria adrenali zenyewe, na hapa kwetu fikiria kifua kikuu kilichozifikia. Mgonjwa wa Sheehan ni kinyume: amepauka, chuchu zimefifia, kwa sababu ACTH haipo. Na kwa kuwa aldosteroni yake, homoni ya adrenali inayotunza chumvi, inaongozwa na figo, potasiamu haipandi. Sodiamu ndiyo inayoshuka.

Na kolesteroli? Kotisoli hutengenezwa kutokana na kolesteroli, kwa hiyo wanafunzi huniambia imepanda kwa sababu adrenali hazitumii. Hapana, adrenali hutumia kidogo mno. Jibu liko kwenye ini. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliopata Nobel mwaka 1985, walionyesha kwamba chembe huokota LDL, vibeba-kolesteroli vya damuni, kutoka kwenye damu kwa vipokezi maalumu. Homoni ya thairoidi ndiyo inayolifanya ini liweke vipokezi vya kutosha. Homoni ikipungua, vipokezi vinapungua, LDL inabaki ikizunguka. Huyu mama hakula mawese kupita kiasi. Zaidi ya hapo, misuli ya mtu mwenye upungufu wa thairoidi huumizwa na statini kwa urahisi kuliko ya wengine, kwa hiyo dawa aliyopewa imemwongezea ugonjwa. Mimi husimamisha statini, naweka homoni sawa, na napima tena baada ya miezi miwili au mitatu. Ikibaki juu, hapo tunaweza kuizungumzia statini.

Pesa za vipimo ni chache, najua. Nikilazimika kuchagua, naomba kotisoli ya saa mbili asubuhi, T4 huru na TSH, sodiamu, na sukari. Kotisoli ikiwa chini ya mikrogramu 3 kwa desilita, inatosha kuanza dawa. Ikizidi 18, adrenali zinafanya kazi. Katikati yake panahitaji kipimo cha kuzichokoza. IRM (picha ya kichwa, kwa Kiingereza MRI) ikipatikana, mara nyingi itaonyesha nafasi ya pituitari iko tupu, lakini sisubiri picha wakati mtu anaishiwa nguvu mbele yangu.

Kabla ya kuamini kotisoli iliyo chini, ulizeni dexa. Vidonge vya deksametasoni vinauzwa ovyo kwa wanaotaka kunenepa, na krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina kotikosteroidi kali, dawa za jamii ya kotisoli. Vyote viwili huilaza pituitari, na anayeviacha ghafla anaweza kuanguka vilevile. Hilo linaniumiza kwa sababu duka linalouza halimwambii mnunuzi lolote.

Tiba yenyewe si ya ajabu. Haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, miligramu 15 hadi 20 kwa siku, zimegawanywa, kipande kikubwa anapoamka. Isipopatikana, prednisoloni miligramu 3 hadi 5 asubuhi. Akipata homa anaongeza mara mbili au tatu hadi apone. Akitapika, vidonge havitoshi: achomwe sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 na awekewe serumu ya mshipani, bila kungoja majibu ya labo. Haya yote nayaandika kwenye karatasi ngumu, kwa Kifaransa na Kiswahili, na mume au dada yake anayasoma mbele yangu kwa sauti. Namwambia pia waziwazi kwamba aombewe akitaka, mimi pia ninaomba, lakini vidonge asiviache hata siku moja.

Sehemu kubwa ya ugonjwa huu inazuilika chumba cha uzazi. Utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha wanawake zaidi ya 20,000 ulionyesha kwamba asidi ya traneksamiki, ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, inapunguza vifo vya kuvuja damu. Mwaka 2023 utafiti mwingine, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionyesha kwamba kuweka chini ya mama mfuko wenye vipimo vya kuonyesha damu iliyotoka, na kutoa matibabu yote mara moja, kulipunguza uvujaji mkali kwa asilimia 60 hivi. Damu inayokadiriwa kwa macho, kwenye shuka na kitenge, karibu kila mara hukadiriwa pungufu.

Ombi langu kwa wakunga wa Ibanda, Bagira, Walungu na kokote mnakosoma hapa: kwenye kitabu cha mama andikeni mililita za damu, na mkimwona tena wiki ya kwanza, andikeni kama maziwa yamekuja. Mama aliyepoteza lita moja na nusu na hana maziwa, msimwambie arudi baada ya miezi sita. Mtumeni asubuhi inayofuata apimwe kotisoli.