AM ya jioni: maana yake kwa watu wa redio ya ridhaa

Kabla hata neno la kwanza halijasemwa, kwanza unasikia utulivu. Redio inakwaruza kama mchele unaomwagwa kwenye ungo, halafu ghafla mikwaruzo inashuka, kana kwamba mtu amefunga dirisha la upande wa barabarani. Bado hakuna aliyezungumza. Inasikika pumzi, kisha sauti ya mzee: "Mbukwenyi. Habari za jioni, wote mnaonisikia." Utulivu ule unaotangulia salamu ndiyo alama ya AM, na ukielewa unatoka wapi, umeelewa sehemu kubwa ya dhana hii.

Tuanze na redio ya ridhaa yenyewe. Neno ridhaa tumelizoea michezoni: bondia wa ridhaa anapanda ulingoni kwa kuupenda mchezo, hakuna mkataba wa fedha. Mtu wa redio ya ridhaa naye anarusha mawimbi kwa kupenda kujifunza, kujaribu mitambo na kuzungumza na wenzake, bila kutafuta faida. Ndivyo kanuni za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, zinavyoieleza huduma hii. Si kituo cha utangazaji, wala si simu ya upepo ya kampuni au ya polisi. Ili arushe anahitaji leseni, ambayo hapa kwetu inatolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na anapewa alama ya kuitia inayoonyesha nchi yake: Tanzania huanza na 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Zambia 9J, Malawi 7Q. Ukiisikia alama hiyo hewani unajua mwenzako yuko nchi gani kabla hajataja mji wake.

Sasa AM. Wengi wetu tumeziona herufi hizi kwenye redio, pembeni ya FM, tukadhani ni jina la sehemu ya zamani ya masafa ambayo siku hizi haina kitu. Kumbe AM, kifupi cha maneno ya Kiingereza amplitude modulation, ni namna ya kulipakia wimbi sauti. Chukua tochi inayowaka usiku kwenye mbuga ya Bahi, na mtu amesimama mbali anaitazama. Ukiiwasha tu, anaona mwanga usiobadilika: hujamwambia kitu. Lakini ukiweza kuuongeza na kuupunguza mwanga ule kwa kufuata sauti yako, ukipaza unang'aa, ukinong'ona unafifia kidogo, basi mwanga unabeba maneno. AM inafanya hivyo kwa wimbi la redio. Wimbi linakuwepo muda wote, na sauti inapandisha na kushusha kimo chake.

Namna hiyo haikuishia kwenye masafa ya kati, yale yenye herufi AM kwenye redio. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza Juni 1957, ile ya Ujerumani, Deutsche Welle, ilipofuata mwaka 1963, na Sauti ya Tanzania Zanzibar iliyosikika miaka mingi kwenye kilohezi 11,735, zote zilitufikia kwa AM juu ya mawimbi mafupi. Aliyewahi kukaa karibu na redio ya babu saa za taarifa ya habari, antena imevutwa hadi mwisho na mtu mmoja ameteuliwa kuishika isitikisike, anaijua sauti ya AM hata kama hakuwahi kuambiwa jina lake. Mimi nilijifunzia hapo, Mpwapwa, kwenye redio ya betri nne kubwa.

Tuingie ndani kidogo, maana utamu wa jambo hili uko kwenye hesabu. Tuseme unarusha kwenye kilohezi 7,100. Hilo ndilo wimbi linalobeba. Ukipiga mluzi wa kilohezi 1, yaani mitikisiko elfu moja kwa sekunde, mbele ya kipaza sauti, pembeni ya wimbi hilo yanazaliwa mawimbi mengine mawili madogo, moja kwenye 7,099 na lingine kwenye 7,101. Ziite mbavu: ubavu wa chini na ubavu wa juu. Sauti ya mtu inayoeleweka vizuri inafika kilohezi 3 hivi, kwa hiyo mazungumzo yako yatajaza kuanzia 7,097 hadi 7,103. Ni kilohezi 6 nzima. Na cha ajabu, mbavu hizo mbili zinasema neno lile lile. Moja ni kivuli cha mwenzake.

Nguvu nayo inagawanyika kwa namna inayowaumiza kichwa wahandisi. Wimbi linalobeba likiwa na wati 100, na mluzi ukiwa umelijaza kikamilifu, mbavu zote mbili kwa pamoja zinapata wati 50, yaani 25 kila moja. Theluthi mbili za nguvu yote zinakwenda kwenye wimbi ambalo lenyewe halina neno hata moja. Kwa mazungumzo ya kawaida hali ni mbaya zaidi, kwa sababu hatuzungumzi kwa kupaza muda wote.

Ndiyo maana ikaja njia ya ubavu mmoja, inayojulikana kwa herufi SSB. Unaliondoa wimbi linalobeba, unautupa ubavu mmoja, na nguvu yote unaiweka kwenye ubavu uliobaki. Unatumia karibu nusu ya nafasi hewani na sauti inafika mbali kwa wati zile zile. Tangu Reginald Fessenden alipofaulu kurusha maneno ya mtu kwa redio, Desemba 1900, kwenye kisiwa cha Cobb huko Maryland, Marekani, umbali wa kilomita 1.6 tu, sauti ilikuwa ikisafiri kwa AM. Miaka ya 1950 watu wa ridhaa wakaanza kuhamia ubavu mmoja, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 wengi walikuwa wameshahama. Leo ukifungua redio ya ridhaa kwenye mawimbi mafupi, mazungumzo mengi utakayokuta ni ya ubavu mmoja.

Kwa nini basi wapo wanaobaki na AM, na hasa jioni?

Jibu langu ni hili: katika AM mzigo unabebwa na anayerusha ili anayepokea asibebe. Lile wimbi lisilo na neno, linaloonekana kuwa hasara, ni zawadi kwa msikilizaji. Linaiambia redio yake sauti iko wapi hasa, linatuliza mikwaruzo, na linafanya kazi ya kuitoa sauti iwe nyepesi kiasi kwamba diodi moja, kile kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na vipande vichache vinatosha. Katika ubavu mmoja wimbi hilo limebaki kwa mrushaji, kwa hiyo redio ya msikilizaji inapaswa kutengeneza lingine badala yake, tena kwa usahihi. Ikikosea hezi mia moja au mia mbili tu, mtu mzima na heshima zake anasikika kama bata. Redio ya kawaida ya sokoni haina kifaa hicho kabisa. Itakupa mngurumo usioelewekaeleweka. Lakini mtu wa ridhaa akizungumza kwa AM kwenye masafa ambayo redio yako inayafikia, utamsikia vizuri, ukiwa Kongwa au Kondoa, bila kununua kitu kipya. Redio zile za vijijini ziliweza kuwa rahisi kwa sababu hiyo hiyo: gharama ilikaa upande wa mtambo.

Tena sauti yenyewe. Mrushaji wa AM anaweza kuacha besi ya koo lake ipite, na pumzi, na kicheko cha chini. Huko Marekani na Uingereza wapo wanaotunza mitambo ya valvu, ile yenye vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya kaa la moto, kwa ajili ya sauti hiyo tu. Lakini mtambo wa kisasa pia unaweza. Redio ya wati 100 inawekwa wati 25 za wimbi linalobeba, kwa sababu sauti inapofika kileleni kimo cha wimbi kinakuwa maradufu na nguvu inakuwa mara nne, ndiyo zile 100. Ukiweka zaidi ya hapo, mtambo unazidiwa, sauti inakatikakatika na unawachafulia wengine.

Mazungumzo yanakuwa ya duara. Mmoja anafungua, anataja alama yake, anazungumza dakika mbili au tatu bila haraka, kisha anampisha mwenzake kwa jina. Kijana akiingia anasema "Shikamoo mzee, nakupata tano kwa tisa," tano ikiwa maneno yanaeleweka yote na tisa ikiwa wimbi lina nguvu nyingi. Mzee anaitikia "Marahaba mwanangu," kisha anamuuliza waya wake wa antena ameufunga wapi. Hakuna kudakiana maneno. Anayetaka kuingia anasubiri pengo. Ni baraza, ila wenzako wamekaa mikoa tofauti.

Jioni inaingiaje? Juu ya vichwa vyetu, kwenye tabaka za ionosfia, jua linapopiga hewa linang'oa elektroni. Tabaka la chini, liitwalo D, liko kati ya kilomita 60 na 90, na hewa ya hapo bado ni nzito kiasi. Wimbi likipita, elektroni zinatikisika, zinagongana na hewa, na nguvu ya wimbi inageuka joto. Ndiyo maana mchana masafa ya chini ya mawimbi mafupi yanakuwa kama yamefunikwa blanketi. Jua likizama, elektroni za tabaka la D zinarudi haraka zilikotoka na blanketi linaondoka. Tabaka la F, kilomita 200 hadi 400 juu, linabaki, kwa kuwa huko hewa ni nyembamba mno na elektroni zinachelewa kukutana na wenyeji wao. Wimbi sasa linapanda bila kuliwa, linagonga juu, linarudi.

Dodoma jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro, na kwa kuwa tuko karibu na Ikweta giza linaingia upesi. Bendi ya mita 40, iliyopewa jina kwa urefu wa wimbi lake, ambayo kwa Afrika na Ulaya watu wa ridhaa wanapewa kuanzia megahezi 7.0 hadi 7.2 (megahezi moja ni kilohezi elfu), inabadilika huku unaisikiliza. Wimbi linalopanda karibu wima linashuka Singida, Iringa, Arusha, Dar es Salaam. Usiku ukikomaa, masafa hayo yanaanza kuruka majirani na kuwafikia wa mbali zaidi, na wanaotaka kuendelea na majirani wanashuka kwenye masafa ya chini zaidi, bendi ya mita 80. Juu ya 7.2 utakuta vituo vya utangazaji vyenye mitambo mikubwa. Huko mtu wa ridhaa wa upande wetu wa dunia haendi. Wamarekani wanaruhusiwa, na moja ya makutano yao ya AM ni 7.290, Waingereza wana yao kwenye 3.615. Jioni yao si yetu, lakini. Saa moja ya jioni ya London wakati wa baridi ni saa nne usiku hapa, na saa mbili usiku ya New York ni saa kumi alfajiri. Ukitaka kuwasikia, amka.

Jioni ina madhara yake pia. Wimbi likifika kwa njia mbili zenye urefu tofauti, kuna nyakati zinafutana, na likifutika wimbi linalobeba huku mbavu zikibaki, sauti inavurugika kama mtu anayezungumzia ndani ya maji. Waliosikiliza idhaa za nje wanaikumbuka hali hiyo. Inapita baada ya sekunde chache. Radi ndiyo ngumu zaidi. Dodoma mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia karibu Desemba hadi Aprili, na miezi hiyo kila mwako wa radi, hata wa mbali, unapasuka ndani ya spika. Kuanzia Mei anga inanyamaza, na hapo ndipo AM inapendeza.

Makelele mengine tunayatengeneza wenyewe. Tangu Dodoma ikue na kuwa jiji mwaka 2018, taa za bei nafuu, chaja na vidhibiti vya sola vimejaza masafa mvumo usiokoma. Umeme ukikatika mtaani, fungua redio ya betri usikilize: mvumo unaondoka papo hapo. Ukienda Hombolo au Mvumi na betri ya gari, utadhani umebadilisha redio.

Waya nao ni jambo rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwa mita 40 unahitaji mita 20 hivi za waya wa shaba, umekatwa katikati, mita 10 kila upande. Simamisha mti wa mita saba, funga katikati juu, teremsha ncha mbili kuelekea mwarobaini huu na ule. Kwa kimo hicho nguvu nyingi inakwenda juu, na kwa mazungumzo ya ndani ya nchi hiyo ndiyo inayotakiwa.

Ila adabu ya nafasi haina mjadala. Kilohezi 6 ni nyingi kwenye bendi yenye watu, kwa hiyo anayetumia AM anasikiliza kwanza pande zote mbili, anauliza kama pana mtu, na pakijaa anasubiri au anahamia mita 10, ambako kuanzia megahezi 29.0 AM ina nafasi pana miaka ambayo jua lina madoa mengi.

Duara linapofungwa, kila mmoja anaaga kwa namba ya zamani ya waendesha telegrafu, sabini na tatu, maana yake salamu za heri. Wa mwisho anataja alama yake, anaachia kitufe, na mchele unaanza tena kumwagika kwenye ungo.