Je, wajua? Ukipata ajali kwenye Uber Marekani, bima inategemea simu ya dereva ilikuwa inaonyesha nini

Hebu fikiria gari moja, Prius, dereva yuleyule, kona ileile ya San Francisco, na kosa lilelile: kapita taa nyekundu kamgonga mtu. Ikitokea saa 2:05 usiku aliyegongwa anaweza kukuta bima ya dola 30,000 tu, ikitokea saa 2:07 anakuta dola milioni 1. Barabara haijabadilika, dereva hajabadilika, kilichobadilika ni kile kisimu kilichobandikwa kwenye dashibodi.

Naandika hii kwa sababu ndugu zetu kibao kule wanapiga hii kazi, na wengine hata kama hawaendeshi wanapanda kila siku, alafu ukiwauliza ajali ikitokea nani analipa wanakujibu "si Uber?" Ndio na hapana.

Tuanze na kitu ambacho hata nyumbani tunakijua. Bima ya gari binafsi ni ya gari binafsi, kwenda kazini, kwenda sokoni, kupeleka watoto shule. Ukianza kubeba watu kwa hela watu wa bima wanakwambia hiyo ni biashara, hatukukubaliana hivyo, na wanaweza kugoma kulipa. Ndio maana daladala na matatu zina bima yake. Marekani nako kipengele hicho kiko karibu kwenye kila mkataba wa kawaida wa gari. Sasa zilipokuja Uber na mshindani wake Lyft, gari la mtu asubuhi ni la familia, jioni ni teksi, usiku ni la familia tena, hapo katikati pakabaki shimo.

Shimo lenyewe lilionekana 31 Desemba 2013, mkesha wa mwaka mpya, San Francisco. Dereva wa Uber aligonga familia iliyokuwa inavuka barabara kwenye zebra, mtoto wa miaka 6 akafariki. Dereva alikuwa hana abiria, alikuwa anasubiri kazi. Uber wakasema muda ule hakuwa anatoa huduma yao. Sasa kama hakuwa wa Uber, na bima yake binafsi haitaki habari za teksi, alikuwa wa nani? Familia ilishtaki, wakamalizana nje ya mahakama 2015, ila kabla ya hapo bunge la California lilishapitisha sheria ya AB 2293, gavana akasaini 2014 na ikaanza kazi 1 Julai 2015. Majimbo mengi yakafuata mtindo huohuo.

Kwa hiyo siku hizi wanaangalia sekunde ya ajali, na dereva anaweza kupita hatua zote ndani ya dakika kumi. Apu imezimwa, hapo wewe ni mtu wa kawaida, ni bima yako mwenyewe, na kiwango cha chini California tangu Januari 2025 ni dola 30,000 kwa mtu aliyeumia. Ukiwasha apu ukapaki pembeni ya kituo cha mafuta unakunywa kahawa unasubiri ile "ting", inaingia bima ya kati: 50,000 kwa mtu, 100,000 kwa ajali nzima, 30,000 kwa mali, na California kampuni inatakiwa iwe na 200,000 nyingine ya akiba nyuma yake. Ting ikalia, ukagusa kukubali, basi hata kama abiria yuko mitaa sita mbele na gari liko tupu, tayari uko kwenye dola milioni 1 mpaka umshushe. Watu wengi wanadhani milioni inaanza abiria akifunga mlango, kumbe inaanza na kidole.

Ila hiyo milioni ni ya kulipa watu uliowaumiza na mali zao, sio gari lako, na hapa ndipo madereva wanalia. Gari lako linatengenezwa na bima ya kampuni kama tu wewe mwenyewe una bima kubwa kwenye bima yako binafsi, ukiwa na ndogo huna kitu. Na ukiwa nayo bado kuna eksesi, kile kiasi unachobeba mwenyewe kwanza, Uber na Lyft zote wameweka dola 2,500. Piga hesabu: bampa na taa gereji wanataka 2,300, bima inakulipa sifuri, na gari limekaa wiki mbili bila kuingiza hela. Kuna kiongezo kinauzwa na kampuni nyingi za bima kwa ajili ya watu wa hizi apu, kinapunguza haya maumivu, ila ni lazima uwaambie ukweli kuwa unabeba abiria, wakikugundua wenyewe wanaweza kukufuta kabisa.

Na abiria je? Yeye karibu kila mara hana kosa. Dereva wake akikosea, ile milioni ipo. Shida ni pale gari lingine ndilo limewagonga, na mwenye gari hilo hana bima au ana ya kiduchu. Mpaka mwisho wa 2025 California ilitaka kampuni ziwe na dola milioni 1 kwa kesi hiyo pia, kuanzia 1 Januari 2026 imeshuka hadi 60,000 kwa mtu na 300,000 kwa ajali. Kampuni zilisema gharama za bima zinapandisha nauli, na ilienda sambamba na sheria nyingine iliyowapa madereva haki ya kuunda chama. Kwa bili za hospitali za kule, mimi naona abiria ndiye aliyelipia mapatano hayo.

Na haya yote yanathibitishwa na rekodi za apu, saa na dakika. Kwa hiyo ukiwa abiria piga skrinshoti ya safari palepale, ripoti kwenye apu, itisha polisi waandike ripoti, na usisaini karatasi ya malipo kabla hujajua umeumia kiasi gani, shingo huwa inaanza kuuma kesho yake.

Alafu kuna ule mchezo wetu tunaujua wote, "bosi kansel hiyo twende kesh". Ukikansel, rekodi inaonyesha safari imekufa pale ulipoipandia, na ile milioni inashuka kwenye gari kabla yako.