Je, wajua kwa nini mafuta ya kitani hayawezi kushika nafasi ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu?

Miaka kadhaa iliyopita nilimnunulia shangazi yangu chupa ndogo ya mafuta ya kitani kwenye farmasi moja hapa Goma. Neno omega-3 lilikuwa limeandikwa kwenye chupa kwa herufi kubwa kuliko jina la mafuta yenyewe. Shangazi alikuwa ameambiwa achunge moyo wake. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba samaki ni mzuri kwa moyo kwa sababu ya omega-3. Basi hesabu ikawa nyepesi. Kwa ujasiri wa mtu aliyesoma nusu ukurasa, nikamweleza kwamba kijiko kimoja cha mafuta haya kina omega-3 nyingi kuliko sahani nzima ya sambaza. Akaigeuza chupa mkononi, akanitazama.

"Mwana yangu, sasa hii mafuta ndiyo sambaza?"

Nikasema ndiyo.

Kwa upande wa gramu sikumdanganya. Zaidi ya nusu ya mafuta ya kitani ni omega-3, na kijiko kikubwa kimoja hubeba gramu saba hivi. Sambaza hafikii huko hata ukimla mpaka ushindwe kuinuka. Nilichokosea ni kudhani kwamba omega-3 ni kitu kimoja, kama chumvi, ambayo ni chumvi ileile iwe imetoka wapi. Kumbe omega-3 ni jina la ukoo. Ndugu watatu wakuu wanalibeba jina hilo, na kumwita mmoja wao hakuwaleti wengine wawili.

Wa kwanza ni asidi ya alfa-linoleniki, inayofupishwa ALA. Huyo ndiye wa kitani. Wa pili na wa tatu wanajulikana kwa vifupisho vyao, EPA na DHA, na hao ndio wa samaki. DHA imejaa kwenye ubongo na kwenye pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga. EPA hutumiwa na mwili kutengeneza vijumbe vinavyotuliza uvimbe wa ndani. Sifa nyingi tunazosikia kuhusu "omega-3" zilitokana na utafiti juu ya hawa wawili, halafu zikabandikwa kwenye chupa ya ndugu yao.

Kuhusu mmea wenyewe hapahitaji maneno mengi. Ni kitani kilekile cha kwenye Biblia, kile ambacho tajiri wa habari ya Lazaro alivaa pamoja na zambarau: shina linatoa uzi, mbegu zinatoa mafuta. Mwaka 1753 Linnaeus aliuita Linum usitatissimum, yaani kitani chenye manufaa kupita kiasi, na kwa mtu wa sayansi hiyo ni sifa iliyovuka mipaka kidogo. Leo mbegu nyingi zinatoka nchi za baridi kama Canada, Urusi na Kazakhstan. Hapa kwetu zinafika kwenye pakiti, na watu wengi wanaziita kwa Kifaransa.

Sasa turudi kwenye kosa langu, maana lina utetezi wake. Mwili wa binadamu unaweza kugeuza ALA kuwa EPA, na EPA kuwa DHA. Jambo hili ni kweli na vitabu vinalisema. Mtu akiishia hapo, atasema: basi kuna shida gani, mpe ALA, mwili utajitengenezea. Ndivyo nilivyosema. Sikuuliza njia ikoje.

Mfikirie ALA kama uzi wa shanga 18, wenye mikunjo mitatu. EPA ina shanga 20 na mikunjo mitano. DHA ina shanga 22 na mikunjo sita. Kwa hiyo safari ni ya kuongeza shanga na kuongeza mikunjo, hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani protini ya mwili inayofanya kazi hiyo. Cha kwanza kabisa, kile kinachotia mkunjo wa nne, ndicho kinachobana njia nzima.

Anayeijua Petite Barrière, mlango wa mpaka kati ya Goma na Gisenyi ya Rwanda, ataelewa haraka. Asubuhi watu wa Goma na wa Gisenyi wanakutana pale, kila mmoja na mzigo wake, na wote wanapita mlango uleule. Sasa ona kwamba wenye omega-3 si peke yao kwenye foleni. Kuna ukoo mwingine, omega-6, unaotaka kutiwa mkunjo na kimeng'enya hichohicho. Omega-6 imejaa kwenye mafuta ya alizeti na ya soya yanayouzwa madukani kwa bidoni, na imo kidogo hata kwenye mawese. Ajabu ni kwamba yule afisa wa mlangoni anawapendelea kidogo watu wa omega-3. Akisimama mmoja wa huku na mmoja wa kule, atamwita wa omega-3 kwanza. Lakini upendeleo huo unasaidia nini ikiwa upande mmoja wamesimama watu kumi na upande wa pili mmoja?

Tena wengi hata kwenye foleni hawafiki. Kwa mwili, ALA ni mafuta kama mafuta mengine, na mafuta yanachomwa. Sehemu kubwa ya kijiko alichokunywa shangazi ilikuwa nguvu ya kupanda ngazi na kufua nguo. Ni kama mtu ameletewa mbao nzuri ya kuchongea chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, naye akaiona inafaa kwa makala, yaani makaa ya kupikia. Hakuna aliyeiba. Nyumba ilihitaji moto.

Wale wachache waliovuka wanakuwa EPA baada ya hatua mbili zaidi. Lakini anayetaka kufika DHA anakutana na jambo ambalo niliposoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Kwa njia inayokubaliwa na wengi, haongezewi shanga mbili tu na kuachwa. Anaongezewa mpaka zinafika 24, halafu anarudishwa kwenye foleni ileile, mlango uleule, afisa yuleyule, atiwe mkunjo wa sita. Akishatoka anapelekwa chumba kingine cha seli, anapunguzwa shanga mbili zibaki 22. Amevuka, amerudi, amevuka tena, halafu akapunguziwa mzigo. Nani angepanga njia hivyo?

Matokeo ya msongamano huo yanaonekana kwenye vipimo. Kwa wanaume, sehemu ya ALA inayofika EPA mara nyingi haizidi kumi kwa mia, na inayofika DHA mara nyingi haifiki hata moja kwa mia. Wanawake walio katika umri wa kuzaa hugeuza zaidi, na inadhaniwa homoni ya estrojeni ina mkono hapo, jambo linaloingia akilini ukikumbuka kwamba ubongo wa mtoto tumboni unajengwa kwa DHA ya mama. Lakini vipimo vingi vya aina hii vilifanywa kwa watu wachache sana, kwa hiyo namba hizo uzishike kwa mkono mlegevu. Kilichorudiwa mara nyingi ni hiki: mtu akinywa mafuta ya kitani kwa wiki kadhaa, EPA kwenye damu yake inapanda kiasi, na DHA inabaki karibu palepale.

Sambaza yeye anapata wapi? Hapo tena nilikuwa nimekosea, maana nilidhani samaki anajitengenezea. Kwa sehemu kubwa EPA na DHA zinatengenezwa na mwani wa majini, ile mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Inaliwa na wadudu wadogo wanaoelea ziwani, nao wanaliwa na sambaza. Sambaza mwenyewe si mwenyeji wa Kivu. Alichukuliwa Ziwa Tanganyika, ambako ni mmoja wa wale wanaoitwa ndagala, akamwagwa huku mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu ziwa letu lilikuwa na chakula kingi cha juujuu kisicho na mlaji. Kwa hiyo zile taa za wavuvi unazoziona usiku ziwani zinavua DHA iliyokwisha kufanyiwa kazi yote, imevuka mipaka yote, imegongwa mihuri yote. Akikaangwa mpaka akauke kama kijiti, au akianikwa siku nyingi juani, sehemu ya mafuta hayo inaharibika. Mbichi wa mchuzi ni bora.

Je, hii ina maana kitani ni kazi bure? Hapana, na hapa lazima nirudi nyuma nisije nikaangukia kosa la upande wa pili. ALA yenyewe ni lazima kwa mwili, hatuwezi kuitengeneza kutoka kwenye kitu kingine. Mtu mzima anahitaji gramu moja hadi moja na nusu hivi kwa siku, na kijiko kikubwa kimoja cha mbegu zilizosagwa kinatosha. Ila ukiniuliza leo kati ya mbegu na chupa, nitakuambia mbegu, tena bila kusita.

Mafuta yakishakamuliwa, nyuzilishe zinabaki kwenye mashudu. Mbegu nzima ina karibu gramu 28 za nyuzi hizo katika kila gramu 100, na sehemu yake ikilowa inakuwa ute mzito unaoteleza kama wa bamia. Ute huo ndio unaomsaidia mwenye choo kigumu, na unazuia kiasi fulani cha kolesteroli kurudi mwilini. Mbegu ina pia lignani, ambazo bakteria wa utumbo huzigeuza kuwa vitu vinavyofanana kidogo na estrojeni. Juu ya lignani yamesemwa mengi, hadi saratani ya matiti, lakini ushahidi kwa binadamu bado ni mwembamba. Utafiti ulionivutia zaidi ulifanyika Canada, matokeo yakatoka 2013: wagonjwa 110 wenye mishipa ya miguu iliyoziba, nusu hivi wakila gramu 30 za kitani kilichosagwa kila siku. Baada ya miezi sita ile namba ya juu ya presha ya waliokula ilikuwa chini kwa takriban pointi 10 ukilinganisha na wenzao. Si jambo dogo. Lakini hao walikuwa wagonjwa, wengi wakiwa kwenye dawa, na hawakuziacha. Anayetupa vidonge vya presha kwa sababu ya mbegu hajausoma utafiti huo.

Na zisagwe. Ganda la mbegu ni gumu, linateleza tumboni mpaka linatoka upande wa pili likiwa zima, na kila kilichomo kimefungiwa ndani. Waethiopia, watu wa milima kama sisi, wanaziita telba. Wanazikaanga kavu, wanazisaga, wanazikoroga kwenye maji wanakunywa. Sijui nani aliwafundisha, lakini kila hatua ina sababu yake: kusaga kunafungua ganda, maji yanazuia ute usigande utumboni na kuufunga, na kukaanga kunapunguza sumu.

Sumu, ndiyo. Mbegu za kitani zina chembechembe zinazoweza kutoa sianidi, za ukoo mmoja na zile za muhogo mchungu. Mla bugali wa muhogo hahitaji kutishwa kwa habari hiyo, mama zetu wanajua kwa nini muhogo unalowekwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa. Kijiko kimoja au viwili kwa siku kwa mtu mzima havina shida, kikombe kizima ndicho cha kuogopa. Anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, au mwenye mimba, amwulize daktari kwanza. Na dawa yoyote imezwe mbali na mbegu hizi, kwa saa moja au mbili, kwa sababu ute unaweza kuichelewesha kuingia mwilini.

Kuhusu chupa ya shangazi, niliiharibu mimi mwenyewe. Nilimwambia apikie. Mafuta haya yanaanza kutoa moshi kwenye nyuzi joto 107 hivi, kabla hata kitunguu hakijabadilika rangi vizuri. Ile mikunjo mitatu ya ALA ndiyo udhaifu wake: oksijeni inaishambulia, na mafuta yanachacha. Yakizidi kukaa hewani, nyuzi zinashikana zenyewe kwa zenyewe hadi yanakuwa ngozi ngumu. Ndiyo sababu wachoraji wa Ulaya walichanganyia rangi zao kwa mafuta ya kitani, na ndiyo yaliyotengeneza linoleamu ya sakafuni katika karne ya 19. Faida yake na ubovu wake vinatoka mahali pamoja.

Chupa ilikaa dirishani miezi, juani. Nilipokuja kuifungua ilinuka kama ukuta uliopakwa rangi jana. Jirani yake, fundi wa mbao, akaiomba, akapaka kigoda kimoja mara mbili. Kilichukua zaidi ya wiki mbili kukauka. Kitambaa alichopakia hakukiacha kimejikunja pembeni. Alikitandaza nje juu ya jiwe la volkano, kwa sababu kitambaa chenye mafuta haya kikirundikwa kinapata joto chenyewe na kinaweza kuwaka bila kiberiti. Shangazi anakikalia kigoda hicho kila jioni akiwa anachambua sambaza.