Mtoto wa Panga ya Saidi alisema lugha gani?

Swali hili huulizwa. Mifupa haina jibu lake. Udongo uliomfunika, hata hivyo, una mengi.

Pango la Panga ya Saidi liko Kaunti ya Kilifi, kilomita kama 15 kutoka baharini. Mifupa ilionekana mwaka 2013, na matokeo yakachapishwa 2021: mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita, mita 3 chini ya sakafu ya leo.

Wengi hustaajabia umri. La kustaajabisha zaidi ni namna ilivyojulikana kwamba alizikwa, si kwamba aliangukia shimoni. Udongo wa ndani ya shimo ulikuwa tofauti na wa kandokando: mtu alichimba, akafukia. Viungo vilikuwa bado vimepangana, basi mwili uliozea pale pale ulipolazwa. Mtoto alilala ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Mtulinga (mfupa wa kati ya shingo na bega) na mbavu za juu zilikuwa zimebanwa kuelekea ndani, kama za maiti iliyoviringishwa sanda, na kichwa kilikuwa kimeinama kama kilichoegemea mto uliokwisha kuoza. Mifupa yenyewe iliguswa ikawa unga, kwa hiyo donge zima lilikatwa, likavikwa plasta na kufukuliwa maabarani.

Kaboni-14, ambayo hupungua polepole baada ya kiumbe kufa, haikufaa kupima umri huo, kwani ikivuka miaka 50,000 hivi haibaki ya kutosha. Badala yake hupimwa chembe za mchanga, ambazo hulimbikiza nishati zikiwa gizani na kuipoteza zikiona jua. Bomba lisilopitisha mwanga hupigiliwa kwenye ukuta wa shimo, likazibwa ncha zote. Mwanga ukipenya, sampuli huonekana changa kuliko ilivyo.

Tukirudi kwenye lugha: Mwamu (mtu wa Lamu) husema kitwa na mato, Mgiriama kitswa na matso, Mwunguja kichwa na macho. T, ts na ch hupokezana kwa utaratibu, si kwa bahati, na ndiyo dalili kwamba lugha hizi zina mzazi mmoja. Lakini mbinu hii hufifia ikivuka miaka 10,000 hivi. Maneno yaliyosalia huwa machache mno. Sanda na mto vyaonyesha watu waliokubaliana la kufanya. Kukubaliana hivyo bila maneno ni vigumu, ingawa hiyo ni rai, si kipimo.

Ukichimba msingi au shimo la choo, iwe Lamu, Pate au Malindi, ukakuta mifupa, vigae au shanga, simamisha jembe. Piga picha kitu kikiwa pale pale, ukiweka rula au kijiti ulichopima kando yake. Pima kina kutoka juu, kisha funika kwa turubai. Sheria ya Kenya ya 2006 yataka Makavazi ya Kitaifa yaarifiwe ndani ya siku 7. Kigae kilichokwisha kung'olewa hakisemi tena kilikuwa tabaka gani. Na usikioshe: masizi na mafuta yaliyoganda ndani ndiyo hueleza kilichopikwa.