Je, Wajua? Nakuru Ni Jiji Lisilo na Meya, na Hata Alipokuwepo Hukumchagua Wewe

Tarehe 10 Agosti 2027, mpiga kura wa Kaptembwo atakabidhiwa karatasi sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mwakilishi wa wanawake, ya mbunge na ya mwakilishi wadi. Azigeuze atakavyo, ya meya hataiona. Mwenzake wa Kondele, Kisumu, hataiona pia, wala wa Langas kule Eldoret. Nakuru, Kisumu na Eldoret yote ni majiji yanayotambuliwa kisheria, na hakuna hata moja lenye meya. Kwa nini?

Jibu linalosikika sana, hasa kwa wazee walioijua Nakuru ya enzi za baraza la manispaa, ni kwamba Katiba ya 2010 iliwapokonya wananchi haki ya kumchagua meya wao. Nusu ya kwanza haina ubishi, kwani mameya kweli waliondoka. Nusu ya pili ndiyo yenye kasoro. Kura hiyo haikupokonywa mtu, kwa sababu wananchi hawakuwahi kuwa nayo.

Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, ile Sura ya 265, mwananchi alimchagua diwani wa wadi yake, na kazi yake ikaishia hapo. Madiwani wakishaapishwa, walijifungia ukumbini wakamchagua meya kutoka miongoni mwao. Wala si wote waliokuwa humo waliopigiwa kura na mtu. Kulikuwa na madiwani wa kuteuliwa, ambao sheria iliruhusu idadi yao ifike theluthi moja ya waliochaguliwa, na kura zao zilihesabiwa sawa na za wenzao. Kwa hiyo meya wa mji wenye maelfu kwa maelfu ya watu alipatikana kwa kura za watu wanaoweza kuenea kwenye basi moja na viti vikabaki.

Wapiga kura wakiwa wachache kiasi hicho, mgombea hana haja ya manifesto. Anawajua wote kwa majina, na namba zao za simu anazo. Ndiyo maana kila kura ya umeya ilipokaribia, magazeti hayakukosa habari za madiwani waliofichwa hotelini, mbali na mji wao, wakila na kulala kwa gharama ya mgombea hadi asubuhi ya kura. Si kila mji ulifanya hivyo, na si kila mara, lakini mtindo huo ulizoeleka hata ukakoma kuwa habari ya kushtua.

Historia nzuri ya umeya katika kanda hii nayo ilipitia mlango huohuo. Grace Onyango alipokuwa meya wa Kisumu mwaka 1965, mwanamke Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo nchini, waliompa nafasi ni madiwani wenzake. Kura ya wananchi wa mji mzima ilimfikia mwaka 1969, walipomchagua kuwa mbunge wa Kisumu Mjini. Hapo pia akawa mwanamke wa kwanza Kenya kuchaguliwa bungeni, kwa hiyo hakuna haja ya kumwonea huruma.

Kuna kosa jingine ndani ya dhana hiyo ya kura iliyopokonywa: imani kwamba meya wa zamani ndiye aliyeuendesha mji. Alikuwa na joho, mkufu mzito kifuani na kiti cha mbele, naye ndiye aliyeongoza vikao vya baraza. Lakini mafaili yalikuwa kwa karani wa mji, na karani huyo, pamoja na maafisa wakuu wengine, alitoka kwa serikali kuu. Bajeti na sheria ndogo za baraza zilisubiri idhini ya waziri Nairobi. Meya aliyeahidi lami mtaani kwako mwaka 1995 alikuwa anaahidi saini ya mtu mwingine.

Mabaraza hayo, 175 nchi nzima, yalizikwa na uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe. Kiti cha meya hakikujazwa kwa sababu Katiba ya 2010 inatambua ngazi mbili tu za serikali, ya kitaifa na ya kaunti. Jiji si ngazi ya tatu. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inasema usimamizi wa jiji uko mikononi mwa serikali ya kaunti, na kwamba bodi pamoja na meneja wanaliendesha kwa niaba yake. Maneno "kwa niaba yake" ndiyo yanayobeba mzigo wote.

Chukulia ploti ya nyumba za kupangisha pale Section 58. Mwenye ploti haishi hapo, na ana ploti nyingine Molo, Naivasha na Kuresoi. Pale langoni kamweka keateka, yaani msimamizi wa ploti. Keateka ndiye anayeamua taka zitolewe siku gani, anayemwita fundi, anayepokea malalamiko na matusi. Ila kodi haiingii mfukoni mwake, inakwenda kwa mwenye ploti, na fundi halipwi mpaka mwenye ploti akubali. Bomba likipasuka, wapangaji humvamia keateka kwa kuwa ndiye aliye karibu. Huenda ni mvivu kweli. Huenda pia alipiga simu tangu Jumatatu na pesa hazijatumwa. Ukiwa dirishani kwako, huwezi kutofautisha. Bodi ya jiji na meneja wake ndio keateka, na serikali ya kaunti ndiyo mwenye ploti. Jambo la ajabu ni kwamba wapangaji hawamchagui keateka, lakini wanamchagua mwenye ploti, tena pamoja na wapangaji wa ploti zake zote nyingine.

Hapo ndipo hesabu inapopendeza. Kaunti ya Nakuru ina maeneobunge 11, na mawili tu ndiyo yenye jina la Nakuru Mjini, Mashariki na Magharibi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika kaunti nzima, na 570,674 mjini Nakuru. Gavana anayeamua mwisho kuhusu taka za jalala la Gioto, basi, anachaguliwa kwa sehemu kubwa na watu wasioishi jijini, wakiwemo wakulima wa viazi wa Kuresoi ambao hawana sababu ya kukesha wakiwaza mitaro ya Kenyatta Avenue. Kisumu ina afadhali kidogo: watu 397,957 mjini kati ya 1,155,574 wa kaunti, yaani theluthi moja na ushee.

Nairobi na Mombasa hazina kitendawili hiki, kwa kuwa mpaka wa jiji ndio mpaka wa kaunti. Huko, anayesema gavana ndiye meya wa kisasa hajakosea sana. Katika majiji yetu matatu, msemo huo ni nusu ukweli.

Wengine walitarajia hati ya jiji ingemleta meya. Nakuru ilipokea yake kutoka kwa Rais Uhuru Kenyatta tarehe 1 Desemba 2021, baada ya sheria kurekebishwa mwaka 2019 na kiwango cha chini cha wakaazi wa jiji kushushwa kutoka 500,000 hadi 250,000. Eldoret ilipokea yake kutoka kwa Rais William Ruto tarehe 15 Agosti 2024. Hati hubadilisha hadhi ya mji na kuuwekea bodi ya jiji. Karatasi ya kura haiigusi.

Je, kura ya moja kwa moja ingekuwa dawa? Majirani wanatupa majibu mawili. Tanzania bado inatumia utaratibu unaofanana na wetu wa kale: meya wa Mwanza huchaguliwa na madiwani. Kampala ilichukua njia nyingine chini ya sheria ya 2010, na wananchi humpigia meya kura wenyewe. Lakini sheria hiyohiyo iliweka mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na rais, na miaka ya mwanzo ya mpango huo ilijaa mivutano kati ya meya na mkurugenzi. Mfano mmoja hautoshi kuhukumu utaratibu mzima, ila unaonyesha kwamba kura bila mfuko wa pesa humpa meya sauti tu.

Kwa hiyo mwaniaji akija Shabab au Manyatta akiahidi kulisafisha jiji, mwulize anawania kiti kipi. Taka, masoko, leseni za biashara na barabara za mitaa ni kazi za kaunti. Gavana anaweza kuahidi hayo akaulizwa. Mwakilishi wadi hatengenezi barabara, lakini bajeti ya jiji hupita mikononi mwake katika bunge la kaunti, na uteuzi wa wajumbe wa bodi huhitaji idhini ya bunge hilohilo. Seneta na mbunge wakiahidi kuzoa taka, wanaazima kazi ya watu. Sheria pia inawapa wakaazi vikao vya kuihoji bodi na kutoa mapendekezo, ingawa uhai wa vikao hivyo hutofautiana sana kaunti kwa kaunti.

Bodi yenyewe haizidi watu 11. Baadhi huteuliwa na serikali ya kaunti, wengine hupendekezwa na vyama vya wataalamu, wafanyabiashara, sekta ya jua kali na wakaazi wa mitaa. Si kazi ya kutwa, na muhula wao ni miaka mitano kuanzia siku ya kuteuliwa, si kuanzia siku ya uchaguzi. Gavana mpya akiapishwa mwaka 2027 anaweza kukuta langoni keateka aliyewekwa na mtangulizi wake, mkataba wake ukiwa haujaisha.