Ujazi wa fedha umekua: umekua kutokea wapi?

Benki Kuu ya Tanzania ikitoa tathmini yake ya mwezi, sentensi inayosambaa haraka kuliko zote ni ile ya ujazi wa fedha: umeongezeka kwa asilimia kadhaa ukilinganisha na mwezi kama huo mwaka jana. Haipiti saa, mtu ameshaiunganisha asilimia hiyo na bei ya nyanya pale Soko la Majengo, na hukumu imetoka: Serikali inachapa noti. Mara nyingi hukumu hiyo haina msingi. Asilimia peke yake haikuambii kama fedha zimezidi. Inabidi uangalie upande wa pili wa mizania ya benki, ule wa mikopo, uone nani alikopa, na kama alilipa.

Kwanza, kinachohesabiwa. Noti na sarafu zilizo nje ya benki, ukijumlisha na amana zinazotolewa wakati wowote kama za hundi, ndiyo M1. Ongeza akaunti za akiba na za muda maalumu za shilingi, unapata M2. Ongeza tena amana za fedha za kigeni zilizo kwenye benki za hapa nchini, hiyo ni M3, na ndiyo inayotajwa kwenye habari. Noti zilizolala kwenye kasiki za benki hazimo. Fedha za Serikali Kuu zilizoko Benki Kuu nazo hazimo, na hilo wakazi wa Dodoma wana sababu ya kulijua kuliko wengine.

Chukua mkandarasi anayejenga jengo la wizara kule Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Hazina ikimlipa hati yake ya malipo ya shilingi milioni 300, fedha zinatoka kwenye akaunti ya Serikali Benki Kuu na kuingia kwenye akaunti yake ya benki ya biashara. Siku hiyo M3 imepanda kwa milioni 300 na hakuna mashine iliyochapa noti hata moja. Wiki inayofuata analipa kodi ya milioni 45. M3 imeshuka kwa milioni 45. Ndiyo maana usilinganishe Juni na Mei. Juni ni mwisho wa mwaka wa fedha, ina malipo yake na ina kodi zake. Tena ni msimu wa mavuno: wafanyabiashara wa mahindi pale Kibaigwa wanahitaji taslimu, na noti zinatoka benki kwenda vijijini kwa wingi. Linganisha Juni na Juni, au tumia wastani wa miezi kumi na miwili.

Na salio la kwenye simu? Watu wengi wanadhani kampuni za simu zimeongeza fedha nchini tangu huduma hizi zilipoanza mwaka 2008. Hapana. Kila shilingi unayoiona kwenye simu ina mwenzake kwenye akaunti ya udhamini iliyoko benki. Ukimpa wakala elfu hamsini taslimu naye akakuwekea elfu hamsini kwenye simu, umebadilishana naye tu. Kinachobadilika ni tabia: noti zinazokaa chini ya godoro zinapungua, amana zinaongezeka, na hapo kuna hesabu nitakayoirudia chini.

Sasa twende kwenye muda mrefu, ambako ndiko makosa makubwa hufanyika. Tuseme ujazi ulikuwa 100 na baada ya miaka 20 umefika 1,000. Kuna anayechukua ongezeko la asilimia 900, akagawa kwa 20, akatangaza asilimia 45 kwa mwaka. Ukuaji huu ni wa kulimbikiza, kama riba juu ya riba. Gawa 1,000 kwa 100, upate 10. Pandisha 10 kwa kipeo cha 1/20, upate 1.122, toa 1. Jibu ni asilimia 12.2 kwa mwaka. Kwenye Excel ni =(1000/100)^(1/20)-1, basi. Ukitaka njia ya haraka, gawa 72 kwa kiwango cha ukuaji: kwa asilimia 12, ujazi unajirudufu kila baada ya miaka sita. Kwa hiyo mtu akikuonyesha grafu inayopaa ukutani kama mlima, muulize kama mhimili wake ni wa logarithimu, yaani ule ambao ukuaji wa kasi moja huonekana mstari mnyoofu. Kama sivyo, nchi yoyote inayokua kwa kasi ileile kila mwaka itaonekana imepata wazimu miaka ya mwisho.

Asilimia 12 ni nyingi? Itenge. Kama uzalishaji halisi unakua kwa asilimia 6, fedha za kufanyia miamala hiyo lazima ziongezeke kwa kiasi hichohicho. Kama mfumuko wa bei ni asilimia 4, katikati ya lengo la Benki Kuu la asilimia 3 hadi 5, ongeza hizo 4. Zinabaki 2. Hizi ni za watu wanaoingia kwenye mfumo: kikundi cha VICOBA kinachohamisha akiba kutoka kwenye sanduku lenye kufuli tatu kwenda benki, mkulima wa alizeti wa Singida anayelipwa kupitia akaunti. Kwa lugha ya wachumi, kasi ya mzunguko wa fedha inapungua. Nchi yetu bado ina nafasi hapo, maana M3 yetu ni takriban robo ya Pato la Taifa. Kwa hiyo 12 inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Nchi ambayo karibu kila mtu ana akaunti na uchumi unakua kwa asilimia 2, ikifikisha 12 ina tatizo.

Ile hesabu niliyoahidi ni hii. Tuseme kwa kila shilingi 100 za amana, watu wanashika shilingi 20 taslimu, na benki zinaweka akiba ya shilingi 10 kwa jumla, ya kisheria (inayolazimika kuwekwa Benki Kuu) na ya ziada. Kizidishi ni 1.20 kugawa kwa 0.30, yaani 4: shilingi moja ya Benki Kuu inabeba shilingi nne za ujazi. Watu wakipunguza taslimu kutoka 20 hadi 15, kizidishi kinakuwa 1.15 kugawa kwa 0.25, yaani 4.6. Ujazi unaweza kukua kwa asilimia 15 bila Benki Kuu kutoa shilingi ya ziada. Kiwango cha akiba ya kisheria nacho kilishushwa kwa hatua: kutoka asilimia 10 hadi 8 mwaka 2017, 7 mwaka 2019, na 6 mwaka 2020. Anayechora mstari wa ujazi bila kuweka alama kwenye miaka hiyo anajidanganya.

Historia yenyewe inasomeka hata kwenye noti. Benki Kuu ilipofungua milango Juni 1966 na kuanza kuchukua nafasi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi 100. Ilikaa hivyo karibu miaka ishirini. Kisha ikaja ya 200 mwaka 1986, ya 500 mwaka 1989, ya 1,000 mwaka 1990, na mwaka 1995 zikaja za 5,000 na 10,000. Mara mia moja kwa miaka 29 ni wastani wa asilimia 17 kwa mwaka, lakini wastani huo unaficha jambo: karibu safari yote ilifanyika ndani ya miaka kumi. Tangu 1995 hatujapata noti kubwa zaidi ya 10,000.

Kwa nini noti zilitulia miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini, wakati ujazi ulikuwa unapanda? Kwa sababu bei zilikuwa zimefungwa na Serikali. Fedha zilikuwepo, bidhaa hazikuwepo; foleni na magendo vikafanya kazi ambayo bei zilikatazwa kuifanya. Bei zilipoachiwa kuanzia katikati ya miaka ya themanini, limbikizo lote likajitokeza kwenye noti.

Na limbikizo lilizaliwa wapi? Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vina sehemu yake, na nakisi ya bajeti pia. Lakini mfano unaofundisha zaidi, tena wa kanda hii ya kati, ni Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Baada ya ukame wa 1973 na 1974, wakulima wa mikoa mikavu kama Dodoma walihimizwa kulima mazao yanayovumilia ukame, na NMC ikawa mnunuzi kwa bei iliyopangwa. Fedha za kununulia zilikuwa mkopo wa NBC, Benki ya Taifa ya Biashara. Tazama hatua kwa hatua: NBC inaandika mkopo kwa NMC, NMC inamlipa mkulima wa mtama, mkulima ana noti mkononi. Ujazi umeongezeka. Hilo si kosa, kila mkopo wa msimu hufanya hivyo. Shirika likiuza mtama na kulipa benki, fedha zile hufutika kwenye vitabu, ujazi unarudi pale ulipokuwa.

Mtama haukununuliwa. Wateja wa mjini walitaka sembe, na sembe yenyewe iliuzwa kwa bei ya ruzuku isiyofidia gharama za kukusanya nafaka kutoka kila kona ya nchi kwa bei moja. Maghala yakajaa, deni la NMC likabaki NBC, mwaka uliofuata likaongezewa jingine. Fedha zilizotolewa hazikurudi kufutwa. Mikopo ya aina hiyo kwa mashirika ya mazao na vyama vya ushirika, ikijirudia mwaka hadi mwaka, ni ukuaji wa ujazi usio na bidhaa nyuma yake. Kwa maoni yangu hilo lina uzito kuliko mashine ya noti inayolaumiwa kila siku. Noti ni hatua ya mwisho. Uamuzi ulishafanyika kwenye kitabu cha mikopo.

Kwa hiyo ukifungua jedwali la kila mwezi, usiishie mstari wa M3. Shuka chini. Ujazi ni jumla ya rasilimali halisi za kigeni, madai halisi kwa Serikali, mikopo kwa sekta binafsi na mengineyo. Ukuaji ukitokana na mikopo binafsi, fuata kiwango cha mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, kwa miaka miwili inayofuata. Ukitokana na Serikali, uliza nani alinunua hatifungani, yaani hati ambazo Serikali hukopea. Ikinunuliwa na mfuko wa pensheni, fedha zilizokuwa benki zinahama kwenda kwa Serikali na kurudi kwa mkandarasi, ujazi haubadiliki. Ikinunuliwa na benki ya biashara, ujazi unapanda. Ikikopesha Benki Kuu yenyewe, unapanda kuanzia kwenye msingi, ndiyo maana sheria inaweka kikomo kinachopimwa kwa mapato ya ndani.

Tangu Januari 2024 Benki Kuu haiongozi tena kwa kulenga kiasi cha fedha. Inatumia Riba ya Benki Kuu, iliyoanza asilimia 5.5, ikapandishwa hadi 6 Aprili mwaka huo na kushushwa hadi 5.75 Julai 2025. M3 sasa ni matokeo tu. Mchambuzi anayesema "wamekosa lengo la ujazi" anasoma kitabu cha zamani.

Mtego wa mwisho ni dola. Amana za dola milioni 100 kwa 2,300 ni shilingi bilioni 230. Kwa 2,600 ni bilioni 260. Hakuna aliyeweka wala kukopa, ila M3 imeongezeka kwa bilioni 30. Shilingi ikiimarika, zinayeyuka vilevile. Weka M2 kando ya M3 kila mara, lakini nayo ina lake: mwenye dola akizibadilisha benki kuwa shilingi, M2 inapanda na M3 inabaki palepale. Kanuni za 2025 zinazokataza kuweka bei za ndani kwa fedha za kigeni zinaweza kusukuma watu upande huo, kwa hiyo M2 ikikimbia kuliko M3 angalia hilo kabla ya kuandika kwamba mikopo imelipuka. Dhahabu nayo ina mstari wake: Benki Kuu ikinunua kutoka kwa wachimbaji inalipa kwa shilingi mpya, na dhahabu huonekana kwenye rasilimali za kigeni; sehemu ya shilingi hizo inaweza kunyonywa tena kwa kuuzia benki dhamana.