Bonasi haikifanyi kichwa kiwe viwili

Wengi tunaamini mtu akiahidiwa bonasi nono atafanya kazi mbili kwa mpigo bila kukosea, yaani kinachokosekana ni motisha tu. Inaeleweka, maana hela inaamsha mtu kweli, umakini unapanda na makosa mengine yanapungua. Ila kazi mbili zote za kufikiri ubongo hauzibebi pamoja, unaruka toka hii kwenda ile na kila mruko unakula muda, zawadi inaweza kuupunguza huo muda lakini haiufuti, na ikiwa kubwa sana presha nayo inaweza kumchanganya mtu.

Mcheki dada wa miamala pale Sabasaba, Dodoma, anahesabu noti huku mteja mwingine anamtajia namba ya simu, akifika ya kumi na saba anaanza upya, na kamisheni anaipata kila muamala! Mi naona huyu asaidiwe foleni kwanza.

Jaribuni nyumbani. Mtoto aandike 1 mpaka 20 halafu A mpaka T, wewe shika saa, kisha arudie akipishanisha 1A 2B 3C. Ahidi soda raundi zote mbili, spidi itapanda ila ya kupishanisha mara nyingi itabaki nyuma.